Mwalimu wa Biolojia Mtwara: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Matokeo ya kidato cha pili yakitoka, kuanzia Chikongola hadi Shangani maneno ni yale yale: mtoto atafutiwe tuisheni. Ikitajwa Hisabati au Fizikia, hakuna anayebisha. Ikitajwa Biolojia, watu hushangaa: Biolojia nayo? Si anakaa tu anasoma? Ushauri mbovu huanzia hapo, kwa sababu kila mtu ana lake la kusema na wote wanalisema kwa uhakika. Hapa nimechukua yale yanayorudiwa zaidi.

"Biolojia ni kukariri. Mwalimu mwenye notsi nzuri anatosha."

Majina ya kukariri yapo, tena mengi, hilo halina ubishi. Lakini mtoto hapimwi kwa majina peke yake. Mtihani wa kidato cha nne una maswali ya kuchagua, ya majibu mafupi na ya insha, na kuna karatasi nzima ya vitendo inayosimama peke yake. Sehemu kubwa ya maswali hayo inamtaka mtoto aseme kwa nini, si kitu gani.

Mpime mwenyewe nyumbani. Mtoto wa Mikindani ameona ng'onda wakitengenezwa tangu hajaanza shule. Muulize kwa nini samaki aliyetiwa chumvi haozi upesi. Akikwambia chumvi huvuta maji kutoka kwenye seli za samaki, na kutoka kwa bakteria pia hadi wakashindwa kuzaliana, basi osmosisi anaijua. Akikusomea fasili ya osmosisi neno kwa neno kisha ng'onda akamshinda, hata umletee notsi kilo mbili hazitamsaidia.

Au muulize tunda la mkorosho ni lipi. Wengi tutasema bibo. Kibiolojia bibo ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni korosho na ganda lake, na ile punje tunayobangua ni mbegu. Pweza vilevile: sokoni anauzwa pamoja na samaki, lakini kundi lake ni moja na konokono na chaza. Na mizizi ya mikoko ya Ghuba ya Mikindani inayochomoza juu ya tope imo kwenye mada ya namna viumbe wanavyoendana na mazingira yao, kwa sababu lile tope halina hewa ya kutosha. Mwalimu aliyezungukwa na utajiri wote huu halafu akafundisha kwa mifano ya mimea ambayo mtoto hajawahi kuiona, mimi ningemtilia shaka.

Kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei, mwombe afundishe kipindi kimoja nawe ukiwa umekaa pembeni. Huna haja ya kujua Biolojia ili kumpima. Tazama nani anashika kalamu. Kama saa nzima mwalimu anasema na mtoto ananukuu, hiyo ni imla. Kama mtoto anachora moyo, anaweka majina ya sehemu kwa mistari isiyokatana, anafuta, anaeleza tena kwa mdomo, na mwalimu anamuuliza "una hakika?", hapo unapata thamani ya pesa yako.

"Mtoto wangu haelewi Biolojia."

Pengine. Lakini mara nyingi Biolojia anaielewa, ni Kiingereza cha Biolojia kinachomkwamisha. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza, na miezi michache tu baadaye anatakiwa kuandika aya nzima kuhusu mzunguko wa damu.

Kabla ya kutafuta mtu yeyote, mwambie akueleze kwa Kiswahili damu inatoka wapi na kwenda wapi. Akieleza vizuri huku karatasi yake ya mtihani ni nyeupe, tatizo umeshalijua, na aina ya mwalimu umeshaijua: anayefafanua kwa Kiswahili mpaka mtoto atabasamu, kisha anamlazimisha aandike jibu lile lile kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, naye akisahihisha. Kuna wanaofundisha Kiswahili mwanzo mwisho, na watoto wao huwasifia sana hadi siku ya mtihani. Kuna na wale wanaomwaga Kiingereza ili mzazi aliye barazani asikie. Wote wawili hawafai kwa mtoto huyu.

Sambamba na hilo kuna amri za maswali. Anayetakiwa kutaja akaeleza kurasa mbili amepoteza muda. Anayetakiwa kueleza akataja tu amepoteza alama. Anayetakiwa kutofautisha mshipa wa ateri na wa vena hapaswi kuandika habari za ateri pekee kisha za vena pekee. Kila hoja iwalinganishe wote wawili. Ni mambo madogo ambayo mwalimu anayejua usahihishaji huyasema wiki ya kwanza.

"Walimu wa maana wako Dar."

Mtwara ina vyuo vya ualimu, ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, na ina sekondari za siku nyingi zenye walimu wa sayansi waliosimama ubaoni miaka na miaka. Masasi ina sekondari ya Ndanda. Lindi nao wana chuo cha ualimu kule Nachingwea. Anayekaa Liwale au ndani kabisa ya Nanyumbu ana haki ya kulalamika, maana kwake walimu wa sayansi kweli ni wa kutafuta kwa tochi. Wa mjini asijifiche nyuma ya Dar.

Pa kuanzia ni kwa mwalimu wa somo shuleni kwa mtoto, hata kama si yeye atakayefundisha tuisheni. Nenda na madaftari. "Mwalimu, habari za kazi. Mimi ndiye mama yake huyu wa kidato cha tatu. Naomba unisaidie, anakwama wapi hasa?" Dakika kumi za jibu lake zina faida kuliko mwezi wa kubahatisha. Wazazi wengi hawaendi kwa sababu wanadhani wataonekana wanamshtaki mwalimu. Ukiingia kwa salamu nzuri na ukauliza kuhusu mtoto badala ya kuuliza kuhusu ufundishaji wake, hakuna atakayeona hivyo.

"Anayesomea udaktari anaijua Biolojia kuliko mwalimu."

Anaijua figo kuliko mwalimu, nakubali. Vijana wa vyuo vya afya na wale wanaofanya mazoezi Hospitali ya Ligula wanaweza kumtia mtoto hamu kubwa ya somo. Ila kujua figo si kujua jinsi mtoto wa miaka 16 anavyoichanganya na ini, wala si kujua msahihishaji anatafuta nini. Ukimpata mwenye vyote viwili mshike. Ukimpata mwenye elimu ya juu tu, mpe mitihani iliyopita aifanye pamoja na mtoto, asitoe mihadhara.

Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa kombi ya PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) ni chaguo zuri kwa watoto wa kidato cha kwanza na cha pili, na bei yake ni nafuu. Kumbuka tu kwamba ni wa msimu: mtihani wake ni Mei, kuna kwenda JKT, na mwisho wa mwaka anaondoka kwenda chuo. Usimpangie safari ya miaka miwili.

"Tutaanza pesa za korosho zikitoka."

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watoto wa Kusini kuliko zote, na inaumiza kuisema kwa sababu mzazi haidanganyi nafsi yake. Pesa kweli hana. Lakini hesabu hazikubali. Minada ya korosho huanza Oktoba, kisha kuna kusubiri malipo yapitie chama cha ushirika hadi yaingie kwenye akaunti. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Pesa inapofika mkononi, mtoto amebakiwa na siku za kuhesabu au yuko ndani ya chumba cha mtihani. Na mtihani huo haupimi mada za mwaka wa mwisho peke yake. Seli na uainishaji wa viumbe alivyovisoma akiwa kidato cha kwanza vimo pamoja na jenetiki ya kidato cha nne.

Pesa ya msimu huu ni ya mwaka ujao. Mtoto akiingia kidato cha tatu Januari, aanze Januari, kipindi kimoja kwa wiki kikimtosha. Kipindi kimoja kwa wiki kwa mwaka mzima ni kingi kuliko kila jioni ya Oktoba, kwa sababu Biolojia inahitaji muda wa kusahau na kukumbuka tena.

Pasipo na akiba, ungeni watoto. Wazazi wanne wa mtaa mmoja, mwalimu mmoja, baraza moja, ubao wa kuchora kwa chaki. Kundi la wanne au watano wenye kiwango kinachokaribiana mimi naliona bora kuliko mtoto peke yake, maana wanaulizana. Lipeni kwa kipindi badala ya kwa mwezi, ili wiki ya mvua au ya msiba isilete ugomvi. Wapo walimu wanaokubali kusubiri malipo hadi msimu. Ikiwa hivyo, andikeni kiasi na tarehe, kila upande ubaki na nakala. Mwalimu naye ana duka analodaiwa.

Darasa la mwalimu maarufu lenye watoto hamsini kwenye chumba kimoja ni jambo jingine. Huenda bei ni ndogo na sifa ni kubwa, lakini hakuna atakayeliona daftari la mwanao. Anayekwambia anajua maswali yatakayotoka, mshukuru uondoke.

"Praktiko watafundishwa shuleni mtihani ukikaribia."

Watafundishwa, lakini wengi mezani na kemikali chache. Mambo mengi ya karatasi ya vitendo yanazoeleka nyumbani bila maabara. Matone ya iodini ya duka la dawa juu ya kipande cha mhogo: kahawia inageuka bluu-nyeusi, kuna wanga. Korosho iliyobanguliwa ikisuguliwa kwenye karatasi huacha doa linalopitisha mwanga, kuna mafuta. Kunde na mahindi zikipandwa kwenye kopo, baada ya siku chache kunde huinua mbegu yake juu ya udongo na mahindi huiacha chini, na hapo mtoto ameona aina mbili za uotaji kwa macho yake. Vipimo vya sukari na protini, vyenye kuchemsha na kemikali kali, viachwe shuleni.

Alama nyingi hupotea kwenye kuandika. Mtoto anaona rangi imegeuka, kisha kwenye safu ya matokeo anaandika kwamba kuna wanga. Hapana. Pale anaandika alichokiona: rangi gani imegeuka kuwa ipi. Wanga ni hitimisho, lina safu yake. Jina la kisayansi nalo likiandikwa kwa mkono hupigwa mstari chini, na neno la kwanza pekee ndilo lenye herufi kubwa. Mwalimu wa tuisheni asiyegusa haya hata mara moja anafundisha nusu ya somo.

"Mada ya uzazi airuke, kashafundwa unyagoni. Na mageuko yatamharibia imani."

Unyago na jando vina mafunzo yake, ila haviulizi homoni gani hupanda siku ya kumi na nne. Maswali ya mada hiyo huja, na mtoto aliyeiruka huyapoteza. Kuhusu mageuko, mtoto anaulizwa wanasayansi wanasema nini na kwa ushahidi gani. Haulizwi anaamini nini. Tena ushahidi mmoja umetoka hapa hapa: Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mifupa ya dinosaria mmoja imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Watoto wa Ujerumani wanapelekwa kumtazama. Wa kwetu angalau wasikie kwa mwalimu kwamba alitoka kwao.

"Mwalimu ni mzazi, hakuna cha kuuliza."

Kuna cha kuuliza, hasa kwa mtoto wa kike. Wanasomea wapi? Barazani au sebuleni mlango ukiwa wazi, si chumbani kwa mwalimu. Wanamaliza saa ngapi? Kabla ya magharibi, na anajulikana anarudi na nani. Ujumbe wa simu upite kwa mzazi. Mwalimu mwenye nia njema hataudhika. Wengi wao wanapendelea hivyo kwa heshima yao wenyewe. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa, lakini sheria hufika jambo likishatokea.

"Atumie notsi za kaka yake, na vitabu ni ghali."

Mtaala mpya ulianza kuingizwa hatua kwa hatua Januari 2024, kwa hiyo notsi za kaka aliyesoma mtaala wa zamani mwonyesheni kwanza mwalimu wa somo. Vitabu vya kiada vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Tovuti ya Baraza la Mitihani nayo ina ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye mifano ya majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Muulize mwalimu unayetaka kumchukua kama amewahi kuisoma ya Biolojia. Simu moja yenye bando inawatosha watoto wanne.

"Ukishamchukua, kumwacha ni kumvunjia heshima."

Baada ya mwezi fungua daftari. Kuna michoro ya mtoto mwenyewe? Kuna majibu yaliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa upya? Kama ni notsi tu kurasa kwa kurasa, zungumza naye kwanza, mara nyingi hubadilika. Asipobadilika: "Mwalimu, tunashukuru sana kwa kazi yako. Mwezi huu mtoto tunampumzisha kidogo, tukikwama tutarudi kwako." Ataelewa. Mlipe vipindi vyote alivyofundisha siku hiyo hiyo, na mtoto akabidhiwe karatasi zake za majaribio, maana mwalimu atakayefuata atazihitaji.