Fedha za Wahamiaji na Kazi ya Mchumi: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi hudhani kwamba fedha ambazo wahamiaji huwatumia jamaa zao ni kiasi kidogo tu, suala la kifamilia ambalo halimstahili mchumi kulichunguza maisha yake yote. Dilip Ratha, mchumi wa Benki ya Dunia aliyezaliwa kijijini katika jimbo la Odisha nchini India, alionyesha kinyume chake mwaka 2003, katika sura aliyoiandika kwenye ripoti ya benki hiyo: kwa nchi zinazoendelea, fedha hizo ni chanzo kikubwa cha fedha za kigeni, tena kisichoyumba kwa urahisi. Mwaka 2023, kwa makadirio ya Benki ya Dunia, nchi za kipato cha chini na cha kati zilipokea takriban dola bilioni 650 kwa njia rasmi, kiasi kinachozidi uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje na kuuacha mbali msaada rasmi wa maendeleo. Nchini Nepal fedha hizo hukaribia robo ya pato la taifa, na Tajikistan huzidi hapo.

Wapo wanaoziita msaada. Si msaada hata kidogo. Ni mshahara wa mtu aliyeutolea jasho, na serikali inayoota kuzipangia matumizi inasahau kwamba zina mwenyewe.

Dhana nyingine ni kwamba fedha hizi huliwa tu, haziachi chochote. Hili lilihitaji uchunguzi makini, kwa sababu familia zinazopokea fedha hutofautiana na zisizopokea kwa mambo mengi, hivyo kuzilinganisha moja kwa moja hupotosha. Mchumi Dean Yang aliitumia misukosuko ya sarafu iliyoanza barani Asia mwaka 1997. Wafilipino walikuwa wakifanya kazi katika nchi nyingi, na sarafu za nchi hizo zilibadilika kwa viwango tofauti dhidi ya peso, sarafu ya Ufilipino, kwa hiyo baadhi ya familia zilijikuta na kipato zaidi bila kupanga. Katika familia hizo, watoto walisoma zaidi na kufanya kazi kidogo, na biashara ndogo zikapata nguvu. Hata hivyo, naona ni kosa kuidharau sehemu inayokwenda kwenye chakula na dawa, kwani mtoto aliyeshiba na kutibiwa ni maendeleo yenyewe.

Watu hufikiri pia kwamba takwimu za mchumi anayechunguza fedha hizi humfikia zikiwa tayari. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kutambua kile ambacho takwimu hazikukiona. Aprili 2020, Benki ya Dunia ilitabiri kwamba fedha hizo zingeshuka kwa karibu asilimia 20 kutokana na janga la UVIKO-19, lakini zikashuka kidogo sana. Wahamiaji walijinyima na kutumia akiba zao ili wasiziache familia. Wakati huohuo, mipaka ilipofungwa, fedha zilizokuwa zikibebwa mkononi na wasafiri zilihamia benki na simu, zikaanza kuonekana katika hesabu rasmi. Kwa hiyo, ongezeko la fedha zilizorekodiwa halimaanishi lazima kwamba fedha zenyewe zimeongezeka.

Wanasiasa wa nchi tajiri hupenda kusema kwamba maendeleo yakifika, watu wataacha kuhama. Mchumi Michael Clemens ameonyesha kwamba katika nchi maskini mambo huwa kinyume: kipato kinapopanda, wanaohama huongezeka, kwa kuwa sasa wana nauli, elimu na taarifa, na mwelekeo hugeuka pale tu nchi inapofikia kipato cha kati.

Mwisho ni suala la ada, ambalo wengi huliona dogo. Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka ada ya kutuma fedha ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030, ilhali wastani wa kutuma dola 200 bado umezidi asilimia 6. Sehemu ya gharama hufichwa katika kiwango cha kubadilishia fedha, na sehemu hutokana na benki kufunga akaunti za kampuni ndogo za utumaji fedha kwa hofu ya sheria dhidi ya utakatishaji fedha. Katika dola bilioni 650, kila asilimia moja inayopunguzwa ni dola bilioni 6.5 zinazobaki mikononi mwa familia.