Kumleta paka dume mkubwa kwenye nyumba yenye dume mdogo

Watu wakisikia madume wawili ndani ya nyumba moja, hukimbilia ile methali ya fahali wawili na zizi. Kwa paka wasiohasiwa haijakosea. Lakini maksai wawili hulima shamba moja bila ugomvi, na paka nao ni hivyohivyo. Kabla ya kuuliza kama watapendana, uliza kama mgeni amehasiwa, na lini.

Dume mzima ambaye hajahasiwa asiwekwe pamoja na mtoto wa paka asiye wake. Madume wa aina hiyo huweza kuua vitoto vya paka, na mara nyingi hutokea ghafla, bila mngurumo wa kutahadharisha. Kumhasi nako hakumbadilishi siku hiyohiyo. Homoni ya kiume hushuka upesi, ila tabia iliyojengeka juu yake, yaani kurusha mkojo ukutani, kutoroka usiku na kusaka ugomvi, huchukua wiki kadhaa kufifia. Kwa dume aliyepigana miaka mingi huenda isiishe yote. Ndiyo maana napendelea mgeni aliyehasiwa walau wiki sita kabla ya kukutana na mdogo uso kwa uso.

La pili ni afya, na hapa sina mzaha. Mgeni akae wiki mbili kwenye chumba chake, mlango umefungwa, hata kama anaonekana mzima kabisa. Daktari wa mifugo ampime damu kwa virusi vya FIV, vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka, na vya leukemia ya paka, yaani saratani ya damu. Hivi vya leukemia hupita kwenye mate, kwa hiyo kulambana na kuchangia bakuli kunatosha kuviambukiza, na mtoto wa paka ndiye anayedhurika zaidi. Mdogo naye awe amemaliza chanjo zake za utotoni, ambazo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Asiyechanjwa akipata panleukopenia, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, anaweza kufa kwa kutapika na kuhara ndani ya siku chache. Virusi vyake hukaa sakafuni kwa miezi mingi, kwa hiyo osha mikono na ubadilishe viatu unapotoka chumba kimoja kwenda kingine. Viroboto watibiwe kwa dawa ya paka tu. Dawa za mbwa zenye pamethrini huua paka, na kupunguza kipimo si kinga.

Sasa tabia. Kosa ninaloliona zaidi ni kudhani kwamba mdogo ndiye mwenye hofu. Nyumba nzima inanuka yeye: kochi, pembe za meza, mlango wa jikoni. Mgeni, hata akiwa na kilo tano, ameingia kwenye himaya ya mwingine na hajui pa kukimbilia. Mdogo unamlinda dhidi ya mwili mkubwa, lakini wa kutulizwa ni yule mkubwa. Mwendo wa zoezi zima unaamuliwa na mwenye hofu zaidi, na kwa kawaida ni yeye.

Chumba cha mgeni kiwe na beseni la mchanga la kujisaidia, maji, chakula mbali na beseni, kitu cha kukwaruza, mahali pa juu pa kukaa, na sanduku la kujifichia. Usimtoe sandukuni kwa mkono. Akianza kula mbele yako, kujisugua miguuni na kulala akiwa amejinyoosha badala ya kujikunja, yuko tayari kwa hatua inayofuata. Wengine huchukua siku tatu, wengine wiki tatu, ila zile wiki mbili za afya zisipunguzwe.

Harufu hutangulia macho. Chukua kitambaa safi, msugue mmoja mashavuni na kati ya jicho na sikio, mahali penye tezi za harufu ya amani, kisha kitandike karibu na sahani ya mwenzake. Usikiweke kitandani kwake, maana hapo ni pake peke yake. Akikinusa na kuendelea na shughuli zake, vizuri. Akikifokea, kisogeze mbali na urudie kesho. Baada ya hapo wabadilishane vyumba kwa saa moja kila siku: mdogo akifungiwa chumbani kwa mgeni, mgeni azunguke nyumba. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayompa mgeni ramani ya njia za kutorokea bila mtu wa kumkodolea macho. Paka anayejua pa kutokea hana haja ya kupigana.

Wakati huohuo walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa. Anza sahani zikiwa mita mbili kutoka mlangoni, na kila mlo mtulivu usogeze shubiri moja. Mtazame mlaji, si sahani. Masikio yakielekea mbele na mwili umelegea, anakula kwa raha. Akimeza harakaharaka, tumbo limegusa sakafu na jicho halibanduki mlangoni, umesogeza mapema. Rudi nyuma shubiri mbili.

Wakila bega kwa bega na mlango, waonane kupitia wavu. Ukikosa wavu, acha upenyo wa sentimita chache na ubane mlango kwa kabari pande zote mbili, maana mtoto wa paka hupenya penye nafasi usiyoidhania. Dakika tano, na chakula kikiwapo. Wakianza kukodoleana bila kupepesa, teremsha kipande cha kadibodi katikati, subiri wageuze vichwa, kisha funga. Zoezi liishie wakiwa bado watulivu. Ukingoja mpaka mmoja afoke, kumbukumbu atakayoondoka nayo ni ile ya kufoka.

Siku ya kukutana, mchezeshe mdogo kwanza kwa kamba yenye manyoya mpaka aheme, dakika kumi na tano hivi. Mtoto mwenye nguvu zilizojaa humrukia mkubwa mkiani, na hapo ndipo mambo huharibika. Kisha fungua mlango, waache waingie kwa miguu yao. Usimbebe hata mmoja: paka aliyeshikwa hawezi kukimbia, kwa hiyo atang'ata, na wa kwanza kung'atwa ni wewe.

Kufoka si ugomvi, ni ombi la nafasi. Mkubwa akimpiga mdogo kofi bila kucha na mdogo akarudi nyuma, usiingilie. Hapo anafunzwa adabu ambayo wewe huwezi kumfunza. Mchezo wa kweli hauna kelele nyingi, na wanapokezana: mara huyu chini, mara yule. Ingilia ukiona mdogo analia na haachiwi. Ingilia pia mkubwa anapomkamata shingoni na kumpanda, jambo ambalo hata waliohasiwa hulifanya. Ishara ninayoiogopa kuliko zote haina sauti kabisa: mkubwa amejilaza chini upande wa pili wa chumba, mabega yamejitokeza juu, ncha ya mkia inatikisika, macho yako kwa mdogo. Hapo hamwoni kama paka mwenzake, anamwona kama windo. Sukuma kadibodi au tupa blanketi katikati, kamwe si mkono. Jeraha la meno ya paka lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya usaha na kichaa cha mbwa. Wala usimpige paka au kumwagia maji. Atakachojifunza ni kwamba mwenzake akitokea, maumivu hufuata.

Mdogo awe na kimbilio lisiloingilika. Sanduku imara lenye tundu la sentimita 9 au 10 linatosha, mradi uhakikishe kwanza kichwa cha mkubwa hakipiti. Kila wiki angalia kama mdogo mwenyewe bado anapita, kwa sababu anakua.

Mabeseni yawe matatu, katika sehemu tofauti. Mawili yaliyopangwa ubavu kwa ubavu paka huyahesabu kama moja, na anayetaka kutawala huweza kuyafunga yote kwa kukaa tu njiani. La mdogo liwe na ukingo mfupi, na kabla ya kutimiza miezi minne asitumie mchanga unaogandamana, kwa kuwa vitoto huuonja. Chakula cha vitoto vya paka ni cha mdogo mpaka karibu mwaka mmoja. Kina nguvu nyingi mno kwa dume aliyehasiwa, ambaye hunenepa upesi. Kwa hiyo walishe kwa milo, vyumba mbalimbali, na uondoe sahani baada ya dakika ishirini.

Unene na wasiwasi ni njia mbili zinazompeleka dume kwenye hatari ambayo nataka kila mfugaji aitambue kwa macho. Anaingia kwenye beseni, anachuchumaa, anakaza, hakuna kitu au ni tone moja. Anatoka, anajilamba sehemu za siri, anarudi tena. Huenda akalia. Wengi hudhani amefunga choo. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, na ukiziba, sumu hupanda mwilini na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Usingoje asubuhi. Vilevile mkubwa asiyekula kwa saa 24 apelekwe kwa daktari. Kwa kitoto, saa 12 ni nyingi.

Mkojo uliorushwa ukutani usafishe kwa sabuni ya kufulia yenye vimeng'enya, si kwa amonia, ambayo hunukia kama mkojo mwingine. Dawa za kuua vijidudu zenye fenoli ni sumu kwa paka.

Waache peke yao pale tu ambapo kwa wiki mbili mfululizo wamekula chumba kimoja, wamepishana mlangoni bila kusimama, na mdogo ana ukubwa wa kutosha kujinasua. Kabla ya hapo, ukitoka nyumbani, mlango ufungwe.

Amani hii isikulevye. Sehemu yake inatokana na utoto wa mdogo, ambaye bado hajaanza kunuka kama dume. Kwenye miezi mitano au sita atapevuka, harufu yake itabadilika, na mkubwa aliyekuwa akimlamba anaweza kumgeukia. Ahasiwe akiwa na miezi minne hadi mitano. Akirudi kutoka kliniki ananuka dawa, basi alale chumba cha peke yake usiku wa kwanza na umpanguse kwa kitambaa kilicholaliwa na mwenzake. Ugomvi ukizuka upya baada ya miezi ya utulivu, kwanza akaguliwe yule mkali na daktari, meno na viungo, kwani maumivu hubadilisha tabia. Akionekana mzima, rudini kwenye mlango uliofungwa na sahani mbili, mita mbili kila upande.