Chanjo ya mdondo si dawa ya saratani ya matiti

Tangu kampeni ya uchunguzi wa matiti ianze mwezi huu wa Oktoba, kinamama wa Mbalizi, Tukuyu hadi Makambako wanatupigia simu kuuliza kama ni kweli kirusi cha mdondo, ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri au Newcastle, kinaua saratani. Wengine wameshanunua chanjo hiyo ya kuku ili waitumie kama tiba.

Utafiti upo. Seli yenye afya ikivamiwa na kirusi hutoa interferoni, protini inayokizuia kuzaliana. Seli nyingi za saratani zimepoteza kinga hiyo, kwa hiyo kirusi huzaliana ndani yake hadi zikafa, na mabaki yake huamsha kinga ya mwili. Maabarani, kirusi cha mdondo kimeua seli za saratani ya matiti, na kwa panya pia. Lakini dawa ya saratani inayotumia kirusi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ni ya melanoma, saratani ya ngozi, tena imetokana na kirusi cha binadamu kilichobadilishwa vinasaba. Kwa saratani ya matiti, hakuna kirusi cha mnyama kilichoidhinishwa popote.

Kichupa cha dukani kina kirusi hai kilichoandaliwa kwa kuku: tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Likimrukia mchanjaji, jicho linaweza kuvimba na kuwa jekundu. Kujichoma sindano ya kitu hicho kwenye titi ni hatari, na tumeshalisema hili mara nyingi.

Majaribio kwa binadamu yana utaratibu. Andiko la mtafiti, yaani mpango wa jaribio, hupita kamati ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), wanaokagua ubora wa dawa, bima ya washiriki na fomu ya ridhaa ya Kiswahili. Mshiriki husaini kwa hiari, hujitoa siku yoyote, na hauziwi dawa hiyo. Anayefanya jaribio bila kibali au kuuza dawa isiyosajiliwa anavunja Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Anaweza kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili.

Kinachotuumiza ni miezi inayopotea. Mwenye uvimbe, ngozi ya titi iliyobonyea au chuchu inayotoa damu aende kituo cha afya wiki hii, apewe rufaa ya kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya titi kikapimwe maabara. Aliyeuziwa chanjo kama tiba asitupe kichupa wala risiti; avilete ofisi ya kanda ya TMDA, Mbeya.