Kutoka Entebbe hadi London: umbali wa ndege ni nini hasa?

Ukiuliza ni kilomita ngapi kutoka Entebbe hadi uwanja wa Gatwick, London, utaambiwa kama 6,460. Hesabu ni sahihi, ila ndege hairuki kilomita hizo tu.

Umbali wa ndege maana yake ni njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia. Chukua tufe lile la darasani, bana uzi kwa kidole pale Entebbe, uvute hadi London, ukaze. Utaona umepita karibu na Arua, ukakata Sudan Kusini, Sudan na Libya, ukavuka bahari pembeni mwa Sicily, ukaingia Ufaransa. Urefu wa uzi huo ndio umbali unaotajwa. Marubani wenyewe huuhesabu kwa maili za baharini, kila moja ni kilomita 1.852, kwa hiyo kwao safari hii ni maili 3,490 hivi.

Sasa, tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na Libya nayo mashirika mengi huikwepa. Ndege inazunguka. Uzi haujabadilika, lakini mafuta na muda vimeongezeka.

Ukigawa 6,460 kwa mwendo wa kilomita 870 kwa saa, unapata karibu saa 7 na nusu. Tiketi huandika zaidi ya hapo, kwa sababu inahesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili: kupanga foleni, kupanda polepole, kuzunguka, kusubiri zamu ya kutua. Tuseme saa 9.

Wengi hupotea kwenye majira. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika. Uganda iko saa 3 mbele ya saa za Greenwich (GMT), kipimo ambacho saa za dunia huhesabiwa kutoka kwake. London, majira ya kiangazi, iko saa 1 mbele. Ukiondoka 10:00 na kufika 17:00, usihesabu 7. Ongeza zile 2 za tofauti. Kurudi ni kinyume: unatoka 20:00 jioni, unatua Entebbe 07:00, na wala hukukaa angani saa 11.

Halafu kuna sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Binamu yangu aliona 02:00 kwenye tiketi, akafika uwanjani saa mbili asubuhi, kanyoosha suti, begi limefungwa kamba. Ile ilikuwa saa nane usiku. Ndege ilikuwa imeondoka saa sita nyuma.

Na hakuna tiketi inayohesabu jam. Kampala hadi Entebbe ni kilomita 40 hivi. Ijumaa jioni zinaweza kukumalizia saa mbili nzima, kwa hiyo toka nyumbani mapema.