Wolai wa kwanza: kumbukumbu za wavuvi wa Minnesota na jicho la samaki

Sehemu kubwa ya kazi yangu ya utafiti wa samaki katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, hufanyika gatini, pale wavuvi wa ndoano wanapopandisha mashua zao nchi kavu. Huwauliza wameingia majini saa ngapi, wametumia chambo gani, wamepata nini na wamerudisha nini ziwani. Kisha hupima urefu wa samaki waliobaki nao na kuomba mwiba mmoja wa pezi la mgongoni, ambao ukikatwa kipande chembamba na kutazamwa kwa hadubini huonyesha pete za umri. Hayo ndiyo maswali ya fomu. Fomu ikishajazwa, na mtu akiona kwamba unamjali samaki wake, huanza mwenyewe kusimulia habari za samaki wake wa kwanza wa aina ya wolai, nami nimejizoeza kusikiliza masimulizi hayo kwa makini yale yale ninayopimia samaki.

Masimulizi yanafanana mno. Jua lilikuwa linazama, au lilikuwa bado halijachomoza. Kulikuwa na upepo. Samaki hakuvuta kwa nguvu. Mshipi ulikuwa mzito tu, bila sababu ya kuonekana. Na palikuwa na mtu pembeni, awe babu, mama, shemeji au jirani, aliyesema: "Ngoja." Watu wasiojuana, wa maziwa mbalimbali na wa vizazi mbalimbali, huyataja mambo hayo manne karibu kila mara, na wapo wanaodhani kwamba ni mtindo tu wa kusimulia ambao wavuvi wameambukizana. Mimi sikubaliani nao. Naamini kwamba mambo hayo yanatokana na maumbile ya samaki mwenyewe, na kwamba kumbukumbu za wolai wa kwanza ni ushahidi wa kuaminika kuhusu mwanga, upepo na msimu, hata pale zisipoaminika kuhusu ukubwa wa samaki.

Kwa msomaji asiyemjua, wolai, ambaye wanasayansi humwita Sander vitreus, ni samaki mla nyama wa maji baridi ya Kanada na Marekani, na tangu mwaka 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota. Mwili wake ni mrefu, mgongo una rangi ya zeituni na ubavu una rangi ya dhahabu, mdomo umejaa meno makali, pezi la kwanza la mgongoni ni la miiba na lina doa jeusi upande wa nyuma, na ncha ya chini ya mkia ni nyeupe. Ncha hiyo ndiyo huonekana kwanza samaki anapogeuka katika maji yenye kiza chini ya mashua, na wavuvi wengi huikumbuka kuliko wanavyokumbuka sura yake yote. Sangara wa Ziwa Viktoria si ndugu yake wa karibu, ingawa wote wawili ni wawindaji na wote wawili macho yao hung'aa yakimulikwa.

Jicho ndilo kiini cha habari yote. Nyuma ya retina ya wolai kuna utando unaorudisha mwanga, kiasi kwamba mwanga uliopita mara ya kwanza bila kunaswa hupita tena mara ya pili katika chembe zinazoona. Aliyemulika paka gizani ameuona utando wa namna hiyo. Kwa wolai, faida yake ni kubwa kwa sababu ya mlo wake. Samaki mdogo wa manjano wa jamii ya pechi, ambaye wolai humla sana, huona vizuri mchana, lakini jua likizama uwezo wake hushuka upesi, naye hutulia karibu na chini ya ziwa. Katika saa hiyo fupi, mwindwaji haoni tena na mwindaji bado anaona. Ndiyo maana wolai huacha maji ya kina na kupanda kwenye miinuko ya mawe na kingo za magugu wakati wa magharibi, akawinda, kisha akarudi chini mwanga wa mchana unapozidi. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba wolai wake wa kwanza alishika ndoano wakati rangi ya mbingu inabadilika, hapambi hadithi. Hiyo ndiyo saa ambayo samaki huyo alikuwa anakula.

Watoto hukumbuka jambo jingine linalotoka katika jicho hilohilo. Mama mmoja wa makamo alinisimulia kwamba baba yake aliwasha tochi ili aone wavu wenye mpini, na kabla samaki hajaonekana, yalionekana macho mawili meupe yakipanda kutoka chini kama taa za gari linalopanda mlima usiku. Aliogopa, akaachia fimbo, na baba yake akaidaka kabla haijatumbukia. Nilipomuuliza urefu wa samaki yule, hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni macho.

Upepo nao una maelezo yake. Ziwa likiwa shwari na jua likiwa juu, mwanga huingia ndani sana na wolai hujificha. Upepo ukianza, mawimbi huvunja uso wa maji na kurudisha sehemu ya mwanga angani, tope husukumwa kutoka ufukweni, samaki wadogo hupotewa na mwelekeo, na wolai anaweza kula hata saa sita mchana. Mille Lacs, ziwa ambalo pengine limezaa kumbukumbu nyingi za namna hii kuliko jingine lolote la jimbo hili, lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500 lakini kina chake hakizidi mita 13 hivi. Kwa sababu hiyo upepo wa nusu siku hulichafua kwa urahisi. Mtu aliyevua hapo akiwa mtoto hukumbuka baridi, nguo zilizolowa na mashua iliyorushwarushwa, na kwa mtazamo wa samaki hiyo ilikuwa hali njema kabisa.

Sasa nije kwenye lile neno "ngoja". Wolai mara nyingi halidaki windo kwa kulirukia. Hufungua kinywa na mashavu kwa ghafla, maji yakaingia kwa kasi, na chambo kikaingia pamoja na maji. Ikiwa mshipi umekazwa, chambo hakifuati maji vizuri, samaki akahisi kitu kigeni na kukitema. Mvuvi hupata mguso mwepesi kiasi kwamba anayeanza hudhani amegusa jani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ndugu wawili wa Minnesota, Ron na Al Lindner, walieneza mtego uliojengwa juu ya jambo hilo hasa: chubwi lenye tundu huteleza juu ya mshipi na kukaa chini ya ziwa, na mbele yake kuna kipande cha mshipi mwembamba chenye ndoano na ruba au nyungunyungu aliye hai. Mguso ukija, mvuvi hulegeza mshipi, nao hupita ndani ya chubwi bila samaki kuhisi uzito, kisha mvuvi husubiri, hukaza taratibu mpaka ahisi uhai upande wa pili, ndipo avute. Ukiwa nje ya maji, maelezo hayo ni rahisi. Ukiwa na fimbo mkononi, mkono unataka kuvuta mara moja, na kulegeza wakati samaki ameshika ni kwenda kinyume na kila kitu ambacho mkono unajua.

Nililiona hilo kwa karibu kwa ndugu mmoja kutoka Mwanza anayeishi katika vitongoji vya Minneapolis, ambako Waswahili wa Kenya na Tanzania si wachache. Alikuwa amekulia kwenye migonzo ya sangara, ambapo ndoano nyingi hulala majini usiku kucha na samaki hujinasa mwenyewe. Jioni ile wolai waligusa chambo chake, naye akavuta kila mara kwa nguvu za bega zima, na kila mara ruba alirudi akiwa amenyooka na kuwa mrefu, ishara kwamba alikuwa ameingia kinywani na kutolewa. Jirani yake wa Kenya, aliyekuwa amezoea maji haya, alimwekea kidole chake juu ya mshipi, akamwambia kwa sauti ya chini: "Mwache ale, kaka. Usimwamshe." Samaki aliyefuata alibaki. Alikuwa wa kiasi cha sentimita 40, wa kawaida kabisa, na ndugu yule alimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowaona wengine wakiwatazama samaki wenye ukubwa maradufu. Nina hakika kwamba miaka 20 ijayo ataikumbuka sauti ile, kwa kuwa samaki huyu ni vigumu kumpata bila ya mtu kukuelekeza, na mafundisho hukaa ndani ya kumbukumbu pamoja na samaki mwenyewe.

Msimu pia huhifadhiwa vizuri, na hapa sheria husaidia. Wolai hutaga mara tu barafu inapoyeyuka, maji yakiwa na joto la nyuzi 6 hadi 10 hivi za Selsiasi, juu ya changarawe na mawe, bila kujenga kiota wala kulinda mayai. Ili wamalize kutaga kwa amani, katika maziwa mengi ya ndani ya Minnesota uvuvi wao hufungwa tangu mwishoni mwa Februari na kufunguliwa Jumamosi moja ya katikati ya Mei, saa sita usiku. Siku hiyo mara nyingi huangukia wikiendi ya Siku ya Mama, na nimewasikia watu wakitafuta tarehe ya samaki wao wa kwanza kwa kukumbuka keki iliyoliwa siku iliyofuata. Mtu wa namna hiyo namwamini kuhusu wiki, hata akikosea mwaka.

Kuhusu ukubwa, tahadhari inahitajika. Wolai wengi wanaofika mashuani wana uzito wa nusu kilo hadi kilo moja. Rekodi ya jimbo ni samaki wa karibu kilo 8, aliyevuliwa mwaka 1979 katika mto Seagull, karibu na mpaka wa Kanada, na wakubwa wa kiasi hicho kwa kawaida ni majike, kwa sababu majike hukua kuliko madume. Mtoto wa miaka 7 humpima samaki kwa mwili wake mwenyewe, kisha akiwa mtu mzima huhamisha kipimo kile kwenye mwili wa mtu mzima. Simwoni kuwa mwongo. Huandika tu kipimo cha mikono ya mtoto kwa mikono mingine.

Wapo ambao wolai wao wa kwanza hakushika ndoano yoyote. Waojibwe, wenyeji wa nchi hii kabla ya majimbo kuwapo, humchoma kwa mkuki usiku wakati wa majira ya kuchipua, samaki wanapokuja kutaga kwenye maji mafupi na macho yao kurudisha mwanga wa taa. Kwa karne nyingi ilikuwa mienge ya moto. Haki hiyo waliibakiza kwa mkataba wa mwaka 1837, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha kwa Waojibwe wa Mille Lacs mwaka 1999. Kumbukumbu zao hazina ule mguso mwepesi, lakini zina jicho, baridi ya Aprili na mzee anayeshika taa, na mimi nazihesabu katika fungu moja na zile za wenye fimbo.

Thamani ya kisayansi ya masimulizi haya huonekana unapoyapanga kwa miaka. Wazee wa Mille Lacs husimulia wolai wa kwanza aliyepatikana mchana karibu na ufukwe. Vijana husimulia zaidi kina na giza. Maji ya ziwa hilo yalianza kuwa maangavu tangu miaka ya 1990, kisha mwaka 2005 wakagunduliwa kome wageni wenye milia, ambao huchuja maji na kuyazidishia uangavu. Mwanga ukiingia zaidi, eneo ambalo wolai anaweza kukaa kwa raha hupungua, na ongezeko la joto hulipunguza tena kutoka upande wa juu. Mwaka 2016 wavuvi wa ndoano walitakiwa kumrudisha kila wolai majini humo katika msimu wa kiangazi, hivyo mtoto aliyempata wa kwanza mwaka ule alimshika kwa dakika moja na kumwachia.

Ziwa la Red Lake, kaskazini zaidi, linaonyesha thamani hiyo kwa ukali. Wolai wa huko walivuliwa kupita kiasi mpaka wakaporomoka katikati ya miaka ya 1990. Waojibwe wa Red Lake, ambao sehemu kubwa ya ziwa ni yao, walisimamisha uvuvi wao wa biashara mwaka 1997, na jimbo likafunga upande wake mwaka 1999. Vifaranga kwa makumi ya mamilioni viliwekwa ziwani mwaka 1999, 2001 na 2003, na uvuvi ukafunguliwa tena mwaka 2006. Watoto waliozaliwa kando ya ziwa hilo wakati wa kufungwa kwake walikua bila kumwona wolai wa nyumbani kwao kwenye mshipi, na wengi wa umri wao hutaja mwaka 2006 bila kusita. Kwa wale wanaosema kwamba samaki yule alikuwa mrefu kuliko mkono wao wa wakati ule kuanzia kiwiko hadi vidole, naona inaelekea kuwa ni kweli, kwa sababu kifaranga wa mwaka 1999 aliyebaki hai alikuwa ametimiza miaka 7, na kwa umri huo wolai wa ziwa hilo ni samaki mkubwa.