Je, wajua kwa nini nyasi zikikwatuliwa hadi udongoni magugu ndiyo hurudi kwanza?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, watu wa Chikongola na Ligula pale Mtwara hutoka na majembe, makwanja na mafagio. Ikifika saa nne asubuhi kando ya barabara pamekuwa peupe, mchanga una mistari ya fagio, na kila apitaye anakiri kwamba hapa pamesafishwa. Kama ni msimu wa mvua, rudi baada ya wiki tatu. Ukoka uliokuwepo hauuoni. Kilichopo ni ndago zilizochongoka kama sindano, na mbigili imetandaza mikono yake juu ya mchanga ikisubiri tairi la baiskeli.

Wengi tumeamini hivi: ukikata chini zaidi, nyasi zitachelewa zaidi kurudi, kwa hiyo kazi inapungua. Ni hesabu ya kinyozi. Aliyenyoa kipara atakaa muda mrefu kuliko aliyepunguza tu. Kosa la hesabu hiyo ni kwamba kichwa kilichonyolewa hakioti nywele za mtu mwingine, lakini ardhi iliyonyolewa huota chochote kilichokuwa kinangoja nafasi. Kosa hili limekita mizizi kwa sababu linafanana na usafi. Uwanja wa nyumba unaofagiliwa kila asubuhi ni heshima ya mwenye nyumba, na ni sawa kabisa, kwa kuwa unakanyagwa na kufagiliwa kila siku. Kando ya barabara hapafagiliwi kila siku. Panasafishwa mara moja kwa mwezi, na siku zinazobaki mimea inafanya itakavyo. Tabia ya uwanja imehamishiwa mahali ambapo masharti yake hayapo.

Ili kuelewa kinachotokea, anza na jani lenyewe. Jani la unyasi halirefuki kwa ncha, linarefuka kwa chini, kwenye kishina kifupi kilichojificha usawa wa ardhi. Mtazame mama anayesuka ukili. Mikono yake iko upande mmoja tu, na kila anapoongeza mwaa, ule ukili uliokwisha kusukwa unasogea mbali naye. Mbuzi akija akautafuna mwisho wa mbali, mama amepoteza urefu tu, na anaendelea kusuka palepale alipokuwa. Mchicha ni kinyume chake: msukaji wake yuko juu, kileleni na kwenye vichipukizi vya shina. Ukikata chini ya vichipukizi vyote, umemwondoa msukaji, na mchicha huo umekwisha.

Kwa hiyo kwanja likipita juu ya ukoka linakata ukili. Jembe linapokwatua linakata mikono.

Liko kosa jingine, nalo ndilo linalotuponyoka: kukata kwa kwanja au mashine, lakini chini mno, mpaka libaki bua jeupe la sentimita 1 au 2. Hapo mikono imesalimika, ila miyaa imekwisha. Miyaa ya kusukia ni sukari, na sukari hiyo hutengenezwa na jani la kijani likipigwa na jua. Jani likiondolewa karibu lote, unyasi unakula akiba iliyo kwenye mashina yatambaayo na mizizi ili utoe majani mapya, na wakati huo mizizi inasimama kukua. Mtafiti F. J. Crider wa Marekani alilionyesha hili mwaka 1955: nyasi zilizokatwa nusu ya majani yake au zaidi kwa mkupuo mmoja, mizizi ya nyingi kati ya hizo ilisimama kwa siku kadhaa, na kadiri zilivyokatwa zaidi ndivyo mizizi ilivyokawia kuanza tena. Majaribio hayo hayakufanywa kwenye mchanga wa Mtwara, kwa hiyo tusiyafanye kalenda ya huku. Mwelekeo wake, hata hivyo, ndio msingi wa kanuni inayofuatwa na watunza nyasi: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja.

Ukoka ukiwa umesimama kukua, jua linaupata mchanga, na hapo ndipo magugu yanapoingia. Mbegu nyingi ndogo za magugu huhitaji mwanga ili ziamke, na ukoka mnene wa vidole vinne huzinyima mwanga huo. Mbigili hulala chapa chini, kwa hiyo kwanja hupita juu yake bila kuigusa. Kinachoishinda ni kivuli. Ndago ni hodari kuliko zote. Chini ya ardhi ina viazi vidogo vilivyoungana kama tasbihi, na kiazi cha mbele huwazuia wenzake kuchipua. Jembe likikata uzi huo, kila kiazi kinajitegemea na kila kimoja kinatoa mche. Mwenye kukwatua ndago ameizidisha bila kujua, na mwezi ujao atalaumu mvua.

Mtu atauliza: mbona kwenye viwanja vya mpira, kama Nangwanda Sijaona, nyasi hukatwa chini na bado zinapendeza? Ukoka kweli unavumilia mkato wa chini, hata sentimita 2 au 3, mradi ukatwe mara kwa mara, kidogo kidogo, ukipewa maji na mbolea. Kando ya barabara hakuna lolote kati ya hayo.

Nyoka na mbu nao hutajwa kuwa sababu ya kukata chini. Nyoka anajificha kwenye majani ya magotini na kwenye marundo ya takataka, na nyasi za sentimita 8 hazimfichi vizuri. Mbu wa malaria, hasa Anopheles gambiae, hutaga kwenye vidimbwi vidogo vya maji yaliyotuama palipo na jua. Jani halizai mbu. Ni kweli kwamba mbu hupumzika mchana kwenye majani marefu, kwa hiyo kufyeka karibu na nyumba kuna mantiki, ila ushahidi kwamba kufyeka peke yake hupunguza malaria ni hafifu. Kidimbwi kilichoachwa na mtaro ulioziba ni hatari kubwa zaidi.

Na mitaro huzibwa na nini? Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwa bandari ya mpango wa karanga, ule mradi wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga, na mitaa yake mingi ina kando pana zisizofanana na vichochoro vya Mikindani, mji mkongwe wa jirani. Kando hizo zikiwa tupu, mvua ya Januari inapiga mchanga moja kwa moja na kuusukuma mtaroni. Kalavati likijaa, maji yanarudi juu na kutambaa kwenye ukingo wa lami. Inama uutazame ukingo huo baada ya mvua mbili kubwa: chini yake pamebonyea, lami inaning'inia kama mkate uliomegwa, na gari la kwanza kupishana hapo linaivunja. TANROADS wanashughulikia barabara kuu na za mkoa, TARURA, iliyoanza mwaka 2017, inashughulikia mitaa ya mjini, na halmashauri za manispaa ya Mtwara Mikindani na ya Lindi zina bustani, maeneo ya wazi na usafi. Jembe la mmoja linaweza kuharibu kazi ya mwingine.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika msimu huo weka urefu wa sentimita 8, yaani upana wa vidole vinne, na ukate nyasi zikifika 12. Zikikushinda zikafika 40, usizishushe siku moja: kata zibaki 27, baada ya siku 7 hadi 10 shusha hadi 18, kisha 12. Kata ndefu zenye masuke kabla mbegu hazijakauka. Mkato wa mwisho ni mvua zinapokatika, na hapo acha sentimita 10 ili mizizi ivuke kiangazi. Penye hatari ya moto, karibu na mikorosho au nyumba, fyeka ukanda mfupi zaidi na uzoe majani makavu. Vipande vifupi viache viozee pale pale, ila rundo zito liondolewe kwa reki, maana likikaa siku chache linaua ukoka ulio chini yake. Lisiingizwe mtaroni hata kidogo.

Anayetumia mashine ya begani aangalie kichwa chake kisiinamie upande mmoja, kwani ndipo kinapochimba. Mashine nyingi za mipigo miwili hutaka mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, lakini baadhi hutaka mara mbili ya hiyo, kwa hiyo soma kibandiko kwanza. Oili ikipungua injini hukwama. Watu wakae mita 15 mbali, maana uzi wa nailoni unaokata nyasi hurusha mawe. Uzi huohuo ukigusa shina la mwarobaini mchanga unachuna gome, na gome likichunwa kuzunguka shina lote mti hufa polepole, hata kama majani bado ni mabichi siku ile. Zungushia kila mche duara la majani makavu lenye nusu mita kila upande, nyasi zisiote humo, ili uzi usiwe na sababu ya kusogea.

Palipokwisha kuwa peupe panarudishwa Desemba, mvua zikishashika. Chukua vipande vya ukoka vya sentimita 10 hadi 15 vyenye vifundo vitatu au vinne, uvipande kwa nafasi ya sentimita 20, ufukie vifundo viwili na kuacha ncha nje, kisha ukanyage kila kimoja kwa kisigino mchanga ukishike. Chini ya miembe ukoka hautafika popote kwa sababu unataka jua. Hapo panda nyasi za Pemba, zile za majani mapana. Ndago zitakazojitokeza katikati zing'olewe kwa mkono pamoja na viazi vyake udongo ukiwa umelowa, wiki hadi wiki, mpaka ukoka ufunge.