Kifaranga si zawadi ya sikukuu

Siku ya tatu baada ya sikukuu, baba mmoja aliingia kwenye chumba changu cha matibabu amekumbatia boksi la viatu. Nyuma yake alikuwa binti yake, wa miaka sita hivi. Aliniamkia, na kabla sijamaliza kuitikia akasema, "Daktari, vifaranga wangu wamelala tu, hawaamki." Nikafunua boksi. Walikuwa wawili, wamepakwa rangi ya waridi, wamelazwa juu ya kitambaa kilicholowa. Mmoja alikuwa amekufa tangu usiku. Wa pili nilimtia kiganjani: miguu ya baridi, macho nusu yamefumba. Nilimgusa ndani ya mdomo kwa ncha ya kidole, na huko nako kulikuwa baridi. Gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, lilikuwa tupu. Njia ya haja ilikuwa imezibwa na kinyesi kilichokauka kikawa kigumu kama saruji.

Mimi ni daktari wa mifugo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuku. Boksi kama lile huletwa kwangu kila msimu wa sikukuu, hasa Pasaka. Nataka nieleze kilichotokea ndani yake, kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa na mtu mkatili. Vifaranga walikuwa wamepewa makombo ya mkate, wakawekewa maji kwenye kikombe, na usiku wakafunikwa taulo nene. Mtoto alikuwa amewapenda kwa moyo wote.

Nianze na lile taulo. Kuku huatamia mayai siku 21, na kifaranga anapototolewa huwa amevaa malaika tu, si manyoya. Katika siku zake za mwanzo mwili wake hauwezi kujitengenezea joto la kumtosha. Ukimfunika taulo, taulo hutunza joto lililopo, na kwake la kutunzwa halipo. Anachohitaji ni chanzo cha joto kutoka nje: tumbo la mama yake, au taa ya joto, au bamba la kulelea. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto kama 35 pale alipo yeye, si juu ya chumba. Baada ya hapo hupunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yakamilike, karibu wiki ya sita. Hiyo ni wiki sita ya joto usiku na mchana. Hakuna sebule yenye joto hilo ambayo watu wangekaa wakaistahimili.

Lakini kwa nini walikuwa wachangamfu siku waliyonunuliwa? Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, na siwalaumu. Kifaranga anapokaribia kutoka kwenye yai, huvuta kiini kilichobaki na kukiingiza tumboni mwake. Akiba hiyo humtosha siku mbili hadi tatu bila kula wala kunywa. Ni mpango wenye maana kubwa: mayai hayatotolewi yote saa moja, na mama anaweza kuendelea kuatamia yaliyochelewa bila wale wa kwanza kufa njaa. Akiba hiyo hiyo ndiyo inayowawezesha watotoleshaji kusafirisha vifaranga wa siku moja kwenye maboksi hadi mbali. Kwa hiyo kifaranga wa sikukuu hukufikia akiwa anaishi kwa chakula alichofungiwa na mama yake. Anarukaruka, analia pii pii, watoto wanafurahi, wazazi wanaona makombo yanatosha. Akiba inapokwisha, kama hajajifunza kula chakula chake na kunywa, na kama amekuwa akitetemeka kwa baridi muda wote huo, huanguka kwa ghafla. Ndiyo maana maboksi huja kwangu siku ya tatu.

Ile rangi hutiwa kwa njia mbili. Ama kifaranga hunyunyiziwa baada ya kutotolewa, ama rangi hudungwa ndani ya yai siku chache kabla. Mara nyingi rangi yenyewe ni ile ya vyakula na si sumu. Ila kumlowesha kiumbe asiyeweza kujipasha joto ni kumtia hatarini, na zaidi ya hapo rangi humfanya aonekane mwanasesere. Manyoya yanapoota rangi hutoweka, na hamu ya mtoto mara nyingi huondoka nayo. Baadhi ya majimbo ya Marekani yamepiga marufuku biashara ya vifaranga wa rangi, na mengine yanakataza kuuza mmoja mmoja au wawili wawili. Naziunga mkono sheria hizo bila kusita.

Kuna jambo moja ambalo namwonyesha kila mzazi anayekuja kwangu, nikimshika mkono. Sisi hupumua kwa msaada wa msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ndege hana msuli huo. Ili hewa iingie, mfupa wa kidari lazima ushuke na mbavu zipanuke. Sasa chukua kifaranga wa gramu 40 umweke kwenye kiganja cha mtoto wa miaka minne anayempenda sana. Atamkumbatia. Shingo iko wazi, mdomo uko wazi, kila mtu anaona kifaranga yuko salama, kumbe kidari kimebanwa na hewa haiingii. Hafurukuti sana, anatulia tu. Mtoto anasema amelala. Nimewahi kuelezwa hivyo zaidi ya mara moja, na sikuwahi kuwa na moyo wa kumwambia mtoto ni nini hasa kilichotokea.

Hatari ina upande wa pili. Vifaranga wenye afya nzuri kabisa hubeba bakteria wa salmonela tumboni, na kinyesi chao hufika kwenye malaika, miguu na mdomo. Mtoto hambusu kifaranga mara moja akaacha. Humbusu mchana kutwa, kisha hutia vidole mdomoni. Kuhara, homa na msokoto wa tumbo huweza kuanza saa chache baadaye au siku kadhaa baadaye. Kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupita. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee, au mtu ambaye kinga yake imeshuka, inaweza kumfikisha hospitali. Ushauri wangu ni kwamba watoto wa umri huo watazame tu, wasishike. Wakubwa wao wanawe kwa sabuni kila wanapogusa, na kifaranga asifugwe jikoni wala pale mnapolia chakula, hata kama ndipo penye joto.

Tuseme umevuka yote hayo, kifaranga anakua. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, na kwa kuku kulea ni miaka mitano hadi minane, wengine hufika kumi. Hawezi kuishi peke yake. Kifaranga aliye mpweke hulia kwa sauti kali bila kukoma, kwa sababu katika maumbile kilio hicho ndicho kinachomrudishia mama yake. Anayemnunua mmoja ili awe "rafiki wa mtoto" anamhukumu kulia kila mtoto anapokwenda shule. Watatu ni wachache, sita ni afadhali.

Halafu jinsia. Katika vifaranga wasiochambuliwa, karibu nusu ni madume. Kwenye vituo vinavyototolesha kuku wa mayai, wataalamu huwachambua siku ya kwanza. Ustadi wa kutambua jinsia kwa kuangalia sehemu ya haja uliendelezwa na Wajapani karibu miaka mia moja iliyopita. Majike huenda kwa wafugaji. Madume hayana soko, wengi huuawa siku hiyo hiyo, na wengine huuzwa kwa bei ya kutupa. Ukiona vifaranga wa bei rahisi mno wakati wa sikukuu, jiulize kwa nini mfugaji wa mayai hakuwataka. Wakiwa ni wa mbegu ya nyama, shida ni nyingine: ndani ya wiki sita huzidi kilo mbili, na anayetaka kumfuga miaka kadhaa atakutana na miguu iliyopinda na moyo ulioelemewa. Mwili ule haukukusudiwa kuzeeka.

Yule kifaranga wa pili alipona. Nilimpasha joto taratibu, nikalainisha kile kinyesi kwa pamba na maji ya vuguvugu, nikamchovya ncha ya mdomo kwenye maji. Baada ya saa mbili alisimama. Nikaielekeza familia namna ya kumlea, ikafuata kila neno, hata ikamtafutia wenzake. Miezi mitano baadaye baba alinipigia simu akiwa amechoka. Jogoo alikuwa anawika tangu alfajiri bado mbichi, majirani wamelalamika, na tangazo la kumgawa lilikuwa limekaa wiki tatu bila kujibiwa. Kundi la majike kumi linatosheka na jogoo mmoja, kwa hiyo wenye mabanda wanao tayari. Mwishowe nilimpatia nafasi kwa mfugaji ninayemfahamu. Binti alilia njia nzima, aliniambia baba yake.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mtu amnunulie mtoto vifaranga kwa sikukuu, jibu langu ni hapana. Anayenunua kifaranga anapaswa kuwa ndiye atakayeamka usiku kuangalia taa. Kama nyumba nzima inataka kufuga kuku, mpe mtoto picha ya banda mtakalojenga pamoja, acheni sikukuu ipite, ulizeni kama sheria za mnapoishi zinaruhusu, jengeni, jaribuni taa siku nzima kabla ya kuleta kifaranga ndani, kisha nunueni kwa mtotoleshaji anayewachanja vifaranga dhidi ya ugonjwa wa mahepe siku ya kwanza na atakayewaambia ratiba ya chanjo za magonjwa ya kideri na gumboro.

Na kama unasoma haya huku boksi liko mbele yako, fanya hivi usiku huu. Mpashe joto kwanza; kifaranga wa baridi hawezi kusaga chakula. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa itakufikisha asubuhi ukiibadilisha kila inapopoa. Ukitumia taa, ifunge kwa minyororo miwili, iwe upande mmoja tu ili aweze kuikimbia, na isiguse maranda, maana taa hizi huunguza nyumba. Mtazame yeye kuliko kipimajoto. Wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakijitenga huku midomo wazi wanaungua, wakitawanyika na kulia kwa sauti ndogo wako sawa. Maji yawe kwenye kisahani kifupi chenye kokoto ndani, kwa sababu huzama hata kwenye maji ya kina cha kidole. Ondoa gazeti chini yao, linateleza na kupanua miguu. Weka maranda au kitambaa chenye kukwaruza. Kesho tafuta chakula cha vifaranga, chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Ukikuta kinyesi kimeganda nyuma, kilainishe, usikivute, na usikichanganye na kigaga kidogo cha kitovu kilicho chini ya tumbo. Hicho kiache kabisa. Akianza kula na kudonoadonoa, mtafutie wenzake wa umri wake kabla wiki haijaisha.